Komeo la Ndani

Katika karakana za kuchomelea vyuma za Arusha, kuanzia Unga Limited hadi Sakina, grili za madirisha husimamishwa nje ya kibanda zikisubiri rangi. Zipo za mistari iliyonyooka, za almasi, za maua na za jua linalochomoza. Mteja akifika huulizwa vipimo vya dirisha, unene wa nondo na mchoro anaoupenda, kisha hujadiliwa bei. Swali moja huulizwa mara chache: kati ya grili zote za nyumba hiyo, ipi itafunguka?

Wengi wataliona swali la ajabu, kwa kuwa grili hununuliwa ili isifunguke. Lakini neno lenyewe, dirisha, lina jibu lake. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya mlango mdogo, na mlango, uwe mkubwa au mdogo, ni kitu kinachofunguka. Ndiyo maana kila dirisha huwa na kifaa cha kuamua lifunguke lini, kiasi gani na kwa mkono wa nani: komeo, kulabu, mnyororo, fimbo yenye matundu, kitasa, kufuli. Ni vifaa vidogo, vya bei ndogo, na mtu havikumbuki mpaka viharibike. Ukivifuatilia tangu mwisho wa karne ya 19 hadi leo, hapa chini ya Mlima Meru, vinakuonyesha watu wa eneo hili walimwogopa nani katika kila kipindi, na hofu hiyo ilimfungia nani ndani.

Historia hiyo inaanzia kwenye nyumba isiyokuwa na dirisha kabisa.

Nyumba za zamani za Wameru na Waarusha kwenye miteremko ya mlima zilikuwa za duara, zimeezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Moto uliwaka ndani, na moshi ulijipenyeza taratibu kwenye paa, ukiikausha nyasi na kufukuza wadudu. Anayejua Arusha ya mwezi Julai hatauliza kwa nini ukuta haukutobolewa. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu yake viko kwenye baridi zaidi, karibu na msitu wa mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Ukuta usio na tundu hutunza joto la moto na la mifugo. Kazi zinazohitaji mwanga zilifanyika nje, mchana.

Usalama wa usiku haukuwa kwenye ukuta wa nyumba. Ulikuwa kwenye ua. Kwa Wamaasai na kwa majirani zao, familia na ng'ombe walizungushiwa boma la miba, na jioni, mifugo ikishaingia, lango lilizibwa kwa matawi yenye miba yaliyovutwa kutoka ndani. Hilo ndilo lilikuwa komeo lao. Chui, simba au mwizi wa ng'ombe angekutana na miba upande wake, na asubuhi mtu wa ndani aliyasukuma matawi pembeni na kutoka. Hakuna aliyehitaji kumwomba mtu wa nje amfungulie.

Kisha neno boma likapata maana ya pili.

Mnamo Oktoba 1896 wamishonari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga mahema yao Akeri, upande wa Meru. Usiku walishambuliwa na kuuawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Jibu la Wajerumani lilikuja kutoka Moshi chini ya Kapteni Kurt Johannes, likiwa na askari pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ilikatwa na nyumba zilichomwa moto. Nyumba ya nyasi haina dirisha la kuvunja wala kitasa cha kutekua. Adui anayetaka kuiangamiza hana haja ya kuingia ndani. Mwali mmoja unamtosha.

Miaka mitatu baadaye Wajerumani walianza kujenga ngome yao Arusha, na ilikamilika mwaka 1900. Waliobeba mawe na kuchanganya udongo walikuwa wanaume wa hapa hapa waliolazimishwa kufanya kazi hiyo. Mwaka huo huo, mwezi Machi, viongozi 19 wa eneo la Kilimanjaro na Meru, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi, walinyongwa Moshi kwa tuhuma za kupanga uasi. Ngome mpya ya Arusha iliitwa Boma, kwa neno lile lile la ua wa ng'ombe, na hadi leo ukisema Barabara ya Boma kila mtu wa mjini anajua unakokwenda.

Neno lilikuwa lile lile, lakini lango lilibadilika. Boma la miba lilifungwa na waliolala ndani yake kwa ajili ya usalama wao. Boma la serikali lilikuwa na mlinzi na ufunguo, na aliyeushika ufunguo ndiye aliyeamua nani aingie na nani abaki ndani. Kwa mara ya kwanza watu wa Meru na Arusha walikutana na jengo linaloweza kumfungia mtu kwa nje. Tofauti hiyo ndogo, kati ya komeo la ndani na kufuli la nje, itaendelea kutufuata hadi mwisho wa simulizi hii.

Dirisha lilifika kwa njia nyingine, na lilifika pamoja na kitabu. Walutheri walirudi na kuanzisha misheni Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Walijenga makanisa, shule na nyumba zenye kuta zilizonyooka, na kwenye kuta hizo wakaacha nafasi za mwanga. Hawakuwa na budi. Nyumba ya duara yenye giza inafaa kwa kulala, kupika na kusimulia hadithi, lakini haifai kwa kusoma. Herufi ndogo za Biblia na ubao wa hesabu vinahitaji mwanga wa mchana unaoingia hadi kwenye benchi la mwisho. Nyumba ya mtu aliyesoma, aliyeanza kuuza kahawa na kujenga kwa matofali na bati, ikaanza nayo kuwa na madirisha. Likawa alama: hapa anakaa mtu wa shule.

Yale ya mwanzo vijijini yalikuwa ya mbao tupu, bila kioo, yenye bawaba mbili na kulabu. Dirisha la aina hiyo lina hali mbili tu. Likiwa wazi, mwanga, upepo na vumbi huingia pamoja. Likifungwa, chumba kinarudi kwenye giza la nyumba ya zamani, ila sasa bila moto wa kukipasha joto. Kulabu ilikuwa ndani, na mtoto wa miaka sita aliweza kuifungua. Kama kinga dhidi ya mwizi ilikuwa dhaifu. Kama njia ya kutokea haikuwa na kasoro.

Baada ya Waingereza kuchukua nchi lilikuja dirisha la kioo, na hapa inafaa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu dirisha la Uingereza lenyewe lilitengenezwa na moto. Mwaka 1666 London iliteketea. Katika miaka iliyofuata nyumba za Waingereza zilijaa dirisha la fremu mbili za mbao zinazoteleza juu na chini, zikishikiliwa na kamba na uzito wa chuma uliofichwa ndani ya boksi la pembeni. Sheria ya mwaka 1709 iliagiza fremu hizo za mbao zirudishwe ndani ya ukuta kwa inchi 4, ili moto wa jengo moja usipate kirahisi mbao za jirani. Watunga sheria walikuwa wameelewa kwamba dirisha ni njia ya moto pia.

Aina hiyo ya dirisha ilizaa kifaa kinachotuhusu. Watu wa ghorofani walitaka kusafisha kioo upande wa nje bila kuning'inia, kwa hiyo mafundi wakabuni fremu inayoweza kulazwa kuelekea ndani ya chumba. Fremu yenye kioo ni nzito. Ikilazwa bila kizuizi humwangukia anayeisafisha, na ikiachwa bila kufungwa vizuri hujilaza yenyewe siku upepo unapovuma. Hivyo ziliongezwa pini za pembeni, minyororo na mikono ya chuma inayoiruhusu fremu kuinama hadi pembe fulani na kuishikilia hapo. Kitu kile kile kilitumika kwenye madirisha ya juu ya hospitali na shule za Ulaya, yanayoinama kuelekea ndani ili hewa ipite juu ya vichwa vya wagonjwa na wanafunzi. Kizuizi cha usalama, kwa maana yake ya kwanza kabisa, hakikuwa kufuli. Kazi yake ilikuwa kuliachia dirisha lifunguke bila kumdhuru mtu.

Dirisha la kamba na uzito halikupata makazi Arusha. Mbao zake hutaka fundi anayepima kwa makini, huvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, mchwa huzipenda, na kamba ikikatika fremu hushuka kama panga. Kilichopokelewa ni dirisha la chuma. Mwaka 1884 Francis Henry Crittall, aliyekuwa na duka la vifaa vya chuma Braintree, Essex, alianza kutengeneza madirisha ya chuma, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 madirisha ya namna hiyo yalienea katika makoloni yote ya Uingereza. Bado unaweza kuyaona kwenye majengo ya zamani ya mjini: vioo vidogo vya mraba, fremu nyembamba za chuma, na mkono wa shaba wa kufungia katikati.

Chini ya kila bawa la dirisha hilo kuna kifaa ambacho wengi wetu tumekichezea utotoni, ile fimbo bapa yenye matundu. Kwenye fremu kuna kijiti kimoja, na fimbo ina matundu matatu au manne. Tundu la kwanza linaacha upenyo wa vidole viwili, la pili linaingiza hewa ya kutosha, la mwisho linafungua dirisha lote. Upepo wa mlima ukivuma alasiri hauwezi kulipigiza dirisha ukutani. Mwenye nyumba anaweza kuchagua kiasi cha kufungua, na anachagua akiwa ndani, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Sijui kifaa kingine chochote cha nyumbani kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba kati ya wazi kabisa na kufungwa kabisa pana nafasi kubwa ya akili.

Lakini komeo lolote lina mpaka wake, na watu wa Meru waliujua mpaka huo mwaka 1951. Novemba ya mwaka huo serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu wakulima wa Kimeru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi yao wapewe wafugaji wa kizungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa. Haijalishi mlango ulikuwa wa mbao au wa matete, wala kama dirisha lilikuwa na kulabu. Aliyekuja hakuwa mwizi wa usiku. Alikuja mchana akiwa na amri ya serikali. Wameru walijibu kwa namna ambayo ukuta hauwezi kujibu: walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Hawakurudishiwa ardhi yao mara moja, ila kesi hiyo iliingia katika historia ya kudai uhuru wa Tanganyika.

Nalikumbusha tukio hili kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba usalama wa nyumba ni suala la chuma. Kwa vizazi viwili, kuanzia 1896 hadi 1951, waliochoma nyumba za Meru kwa wingi walikuwa watu wenye mamlaka. Hofu ya mwizi, ambayo leo inajenga nyumba zetu, ni ya juzi.

Baada ya uhuru dirisha likapata umbo jingine. Nyumba za wafanyakazi, shule na ofisi zilizojengwa katika miaka ya 1960 na 1970, zile za enzi ya Azimio la Arusha, nyingi ziliwekewa luva: vipande vya kioo vilivyolala kimoja juu ya kingine, vikishikwa pembeni na vibanio vya aluminiamu na kuendeshwa na mkono mmoja mdogo. Kwa hali ya hewa yetu luva ilikuwa jambo zuri. Chumba hupata hewa hata mvua ikinyesha, kioo kimoja kikivunjika hubadilishwa chenyewe, na hakuna bawa linalopigwa na upepo. Kasoro yake kubwa iko kwenye vile vibanio. Mtu aliye nje akivikunja kidogo kwa bisibisi anaweza kuchomoa vioo kimoja baada ya kingine na kuvipanga chini bila kelele. Kinachobaki ni tundu la ukubwa wa dirisha.

Hivyo luva ilileta nondo. Mwanzoni zilikuwa fimbo chache zilizopitishwa kwenye fremu. Kadiri miji ilivyokua, na kadiri watu walivyoanza kumiliki redio, televisheni, kisha kompyuta na simu, nondo zilizidi kuwa nene na kukaribiana. Siku hizi luva imeondoka kwenye nyumba nyingi na nafasi yake imechukuliwa na dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo nusu yake tu hufunguka kwa wakati mmoja, na ambalo bawa lake linaweza kuinuliwa na kutolewa kwenye reli. Grili imebaki pale pale, ikiwa imechomelewa au kupigiliwa ukutani pande zote. Leo mtu anaweza kuhamia kwenye nyumba isiyo na dari wala sakafu ya maana, lakini si kwenye nyumba isiyo na grili.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Aliyeamka akakuta sebule tupu hahitaji hotuba ya mtu kuhusu uhuru wa dirisha. Ila tumefika mahali ambapo dirisha limeacha kuwa mlango mdogo. Fimbo yenye matundu ilikuwa na hatua tatu au nne kati ya wazi na kufungwa. Grili iliyochomelewa ina hatua moja tu. Na kama mlango wa mbele nao umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali katika chumba kingine, basi nyumba nzima imegeuka kuwa boma la ile maana ya pili.

Gharama ya jambo hili imeandikwa katika mabweni ya shule za Afrika Mashariki. Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wanafunzi 26 walikufa bweni likiungua. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa katika moto uliowashwa kwa makusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na grili. Kwetu, Juni 1994, wasichana 42 wa Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, upande wa pili wa Kilimanjaro, waliteketea bwenini. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Sababu za moto na hali ya majengo zilitofautiana. Kinachofanana ni kwamba katika kila tukio hesabu ya uhai ilikuwa ya dakika chache, gizani, ndani ya moshi, na kila mtoto alihitaji tundu la kupitisha mwili wake.

Waliofunga mabweni hayo, mara nyingi, walifunga kwa upendo au angalau kwa wajibu. Mlezi anataka wasichana wasitoroke na wavulana wa mtaani wasiingie. Mzazi anataka kusikia kwamba bweni ni salama, na neno salama huonyeshwa kwa unene wa chuma. Waswahili husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, ila neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa ulinzi. Katika mabweni haya maana zote mbili zilikutana.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni uliosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Ni sentensi fupi, na kila neno lake limelipiwa. Hata hivyo wasichana 10 walikufa katika moto wa shule ya Moi Girls, Nairobi, mwaka 2017, na wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Mwongozo haufungui dirisha. Lazima mtu aende akaliangalie.

Je, basi tung'oe vyuma vyote? Hapana, na mji wa New York unatuonyesha kwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watoto wengi wadogo walikuwa wakianguka kutoka madirisha ya ghorofa. Mwaka 1972 idara ya afya ya mji huo ilianzisha katika eneo la Bronx mpango ulioitwa "Watoto hawawezi kuruka angani", uliogawa vizuizi vya madirisha bure, na mwaka 1976 mji ukawalazimisha wenye nyumba za kupangisha kuviweka popote anapoishi mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo. Vifo vya kuanguka vilipungua sana. Lakini kanuni hiyo iliacha dirisha moja makusudi: lile linaloelekea kwenye ngazi ya kukimbilia moto. Chuma kiliwekwa pale kinapookoa na kuondolewa pale kinapoua. Arusha nayo sasa inapanda juu kwa ghorofa, kwa hiyo hatari zote mbili, ya kuanguka na ya kunaswa, ni zetu.

Kanuni za ujenzi zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zimekwenda mbali zaidi kwa nyumba za kawaida. Kila chumba cha kulala kiwe na tundu la kutokea lenye upana usiopungua sentimita 51 na kimo kisichopungua sentimita 61, na vipimo hivyo viwili visichukuliwe kwa udogo wake vyote pamoja, kwa kuwa eneo la tundu lazima lifike kama nusu ya mita ya mraba. Ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Na kama kuna grili, iweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila ujuzi maalumu. Maneno hayo ya mwisho yanatosha kuwa maelezo ya ile kulabu ya dirisha la mbao la vijijini.

Fundi wa Unga Limited anaweza kuitengeneza kanuni hiyo kesho asubuhi. Anahitaji kukata sehemu moja ya grili ya chumba cha kulala, kuitia bawaba mbili upande mmoja na komeo upande mwingine. Gharama inayoongezeka ni ya bawaba, komeo na saa chache za kazi. Pingamizi la kwanza la mteja litakuwa kwamba mwizi atapitisha mkono na kufungua. Jibu lake ni la kifundi: komeo liwekwe mbali na kioo kinachofunguka, kuliko urefu wa mkono, na lizungushiwe bati la chuma linaloachia nafasi upande wa ndani tu. Pingamizi la pili ni kutaka kuongeza kufuli. Hapo ndipo kazi yote huharibika, kwa sababu ufunguo wa kufuli hupotea siku za amani, na usiku wa moshi hakuna anayeutafuta na kuupata.

Mpangaji anaweza kulidai hilo kabla ya kulipa kodi, kama anavyouliza habari ya maji na umeme. Mzazi anaweza kuuliza siku ya kumpeleka mtoto bwenini, akaomba kuoneshwa dirisha likifunguliwa na mtoto mwenyewe, si na mlezi. Namba ya zimamoto ni 114, na ni vizuri kuijua, lakini gari lolote la zimamoto litakuta dakika za kwanza zimeshapita. Dakika hizo ni za aliye ndani.

Kwa hiyo usiku wa leo zima taa, simama kitandani kwako, na uhesabu hatua hadi kwenye dirisha. Ukifika, tafuta kwa vidole kitu cha kufungua. Kama kipo, kijaribu, kipake mafuta, uwafundishe na watoto. Kama vidole vinakuta nondo tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, basi unajua cha kumwambia fundi.